Ghislaine na Maziwa ya Bihogo

Maisha ya Ghislaine unaweza kuyasimulia kwa vinywaji alivyokuwa akinywa, wala hutaacha jambo kubwa nyuma. Yeye mwenyewe ndivyo anavyoyakumbuka. Sasa ana miaka ishirini na tisa, na kila anapopita mbele ya kioo hujigusa taya, mahali palipobaki makovu mawili madogo, halafu hutabasamu peke yake. Ukimuuliza kinachomchekesha, atakuambia anamkumbuka Koko.

Koko ni bibi yake, Maman Agnès wa kijiji cha Nyantende, aliyemzaa baba yake. Alifariki miaka miwili iliyopita, amekula chumvi ya kutosha, na watu walimzika kwa nyimbo na vicheko kama anavyozikwa mtu aliyemaliza kazi yake. Ghislaine ndiye hakuweza kucheka. Mpaka leo hajazoea.

Zamani, likizo kubwa ikifika, Ghislaine na kaka zake walipelekwa Nyantende, na huko ndiko walikojifunza kunywa. Asubuhi yalikuwa maziwa ya moto yenye harufu ya moshi, kwa kuwa Koko alikifukiza kibuyu chake kabla ya kutia kitu ndani. Mchana yalikuwa maji ya chemchemi yaliyolala kwenye mtungi nyuma ya mlango, ya baridi hadi meno yanauma. Ndizi zikikamuliwa, watoto walipewa mutobe, yale maji matamu ya ndizi kabla hayajachacha. Yakishachacha yalikuwa kasiksi, na kasiksi ilikuwa ya wakubwa. Babu aliinyonya kwa mrija huku amefumba macho kama mtu anayesali. Ghislaine anaapa kwamba hajaonja tena kitu kinachoukaribia ule mutobe. Labda ni kweli. Labda utamu wenyewe ulikuwa utoto, lakini mimi simwambii hivyo.

Mvua ikiwafungia ndani, Koko aliwasimulia hadithi yake moja, ile ile. Alipokuwa mwali, kabla ya kukabidhiwa kwa mumewe, aliwekwa ndani miezi miwili kama ilivyokuwa desturi ya Bushi, nchi ya Washi. Hakushika jembe, hakuonja jua, alikunywa maziwa asubuhi, mchana na jioni. "Siku yenye nilitoka," alisema akijipapasa mashavu, "babu yenu alinifunua nguo, akasema hajaona ngozi kama hii. Watu wakauliza kama nilipakwa siagi." Babu, kule pembeni na mrija wake, hakutia neno. Watoto walitazamana mashavu, wakaomba kikombe kingine.

Lakini mtu haishi likizoni. Nyumba ya wazazi ilikuwa Kadutu, mjini Bukavu, juu kabisa mlimani, ambako bomba hutoa maji siku likijisikia. Maji yalipandishwa kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, kwenye kinjia kinachoteleza, na maji yaliyopandishwa hivyo hayanywewi ovyo. Ni ya kupikia, kufulia na kuoga kwa zamu. Tena mjini kuna adabu zake. Mgeni hapewi maji matupu. Akishakaa tu, mtu anatoka mbio kumletea sucré, ndivyo tunavyoziita soda zote huku, au bia kama ni mtu mzima. Ukimpa maji atakunywa, atashukuru, kisha ataenda kuwaambia watu kwamba nyumba ile imekwisha. Hakuna aliyemfundisha Ghislaine kwamba maji ni kinywaji cha wasio na kitu. Alijifunza kwa macho, kama tulivyojifunza sote.

Akaingia chuo kikuu, akaongeza vinywaji vya kopo, vile vya kufukuza usingizi wakati wa mitihani. Akapata kazi ya usekretari katika mradi mmoja unaohusika na maji safi vijijini, na tafadhali usicheke. Asubuhi alikunywa chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne. Saa nne sucré. Saa sita sucré nyingine ya kushushia chakula. Alasiri nyingine tena, kwa ajili ya kichwa, alivyosema. Jumamosi zilikuwa bia mbili tatu na wenzake wa ofisini, kwa sababu msichana akikataa wanasema anajivuna, na asipoonekana anajivuna wanasema ana mimba. Ile chupa ya maji iliyokaa mezani kwake siku zote ilikuwa ya wageni wanaotoka Ulaya.

Chunusi alikuwa nazo tangu miaka kumi na saba, chache, akazizoea. Alipotimiza ishirini na tatu zilikuja na ukoo wao mzima. Zilijaa kwenye taya, zikapanda mashavuni, kubwa, zenye maumivu, na kila iliyopona iliacha alama nyeusi mahali pake. Alijaribu sabuni ya dawa. Alijaribu limau, akajaribu dawa ya meno, akajaribu krimu ya rafiki iliyomwunguza hadi akakosa kazini siku mbili. Bukavu nzima ilikuwa na shauri la kumpa. Kila mtu alimuuliza anapaka nini, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anakunywa nini.

Na ilikuwa ndio kwanza amempata Yannick, kijana mpole anayetengeneza kompyuta, mtu wa kusema maneno kumi kwa siku, manane kati yake yakiwa ya maana. Familia zilikutana, zikapanga siku ya dot, siku ya kutoa mahari. Siku hiyo binti huletwa amefunikwa nguo kutoka kichwani, anatembea polepole katikati ya nyimbo, na mbele ya ukoo wa huku na ukoo wa kule shangazi yake anaishika ile nguo na kuiondoa. Wasichana wa huku huiota dakika hiyo tangu wakiwa wadogo. Ghislaine naye aliiota. Sasa alianza kuamka akiwa na hofu nayo. Aliona watu mia mbili na simu zao juu, nguo inaondoka, halafu kimya kidogo, kile kimya cha heshima ambacho kinauma kuliko kicheko. Zilibaki wiki tisa, na ombi lake lilikuwa moja tu: nguo ikiondolewa, awe na uso asiouonea haya mbele ya Yannick na watu wake.

Shangazi Colombe, dada wa baba, ndiye aliyelipeleka jambo Nyantende. Koko hakufikiri hata kidogo.

"Mumulete huku," alisema. "Mutoto wa Bushi anaolewa bila kuwekwa ndani? Anakunywa ma-sucré ya muji, njo maana uso inaoza. Atakunywa maziwa ya Bihogo mwezi moja, mutaona."

Bihogo alikuwa ng'ombe wa Koko, mmoja na wa pekee, mwekundu kama udongo wa kule, aliyekuwa amezaa miezi miwili nyuma. Ghislaine akachukua likizo yake yote ya mwaka akaenda. Ofisini walimcheka kwamba msomi mzima anarudi kwa mambo ya kale. Hakujali, maana alikuwa akiamini. Tangu akiwa na miaka sita alikuwa akiyaamini yale mashavu yaliyodhaniwa yamepakwa siagi.

Ghislaine alimwambia Yannick kwamba mwali haonekani na mchumba. Hiyo ni kweli. Alimwambia pia kwamba desturi haimruhusu kupokea simu ya video, na hiyo alijitungia mwenyewe. Mashi, lugha ya Washi, haina hata neno la simu ya video. Kila siku Yannick aliomba amwone walau dakika moja, na kila siku Ghislaine alimtumia picha ya mwaka uliopita.

Siku za kwanza zilikuwa tamu, na akizisimulia sasa sauti yake hupungua. Koko alimpa kile chumba cha nyuma walimokuwa wakilala wakati wa likizo, na dari bado ilikuwa na lile doa lenye umbo la bata. Alilala mpaka anachoka kulala. Alisikia mchi wa jirani, akasikia Koko akimsemesha Bihogo kwa Mashi wakati wa kukamua, sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitumia kwa binadamu yeyote. Kikombe kililetwa kikiwa kimefunikwa kwa kisahani. Ghislaine alikipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa maziwa hayapokelewi kwa mkono mmoja, akanywa yote, akarudisha. Hivyo asubuhi, hivyo mchana, hivyo jioni. Koko alikaa pembeni akimwangalia mpaka tone la mwisho, na furaha ya yule mwanamke ilikuwa kubwa mno kwa kikombe kidogo vile.

Baada ya siku kumi taya lilikuwa limevimba. Siku ya kumi na tano hakuweza kulalia shavu la kushoto. Nyumba ile haikuwa na kioo. Alijitazama kwenye simu, akaizima haraka.

"Uchafu iko inatoka," Koko alisema akimgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. "Iko inatoka yote, mwana wani. Kunywa."

Naye akanywa.

Jumapili ya wiki ya tatu alifika Tonton Déo. Huyu Déogratias, anayeitwa Tonton, yaani mjomba, kwa umri wake tu, ni mjukuu wa dada wa Koko, muuguzi wa magonjwa ya ngozi kule Katana, na kila alipopata nafasi alikuja na pikipiki yake kumsalimu bibi. Alimkuta Ghislaine uani, akamtazama kidogo, akavuta kiti.

"Unakunywaka nini?" akamuuliza.

Ghislaine alishangaa, maana alikuwa ameshafungua mdomo kutaja krimu. "Maziwa. Mara tatu kwa siku."

"Na mbele, kabla ya kukuya huku?"

"Sucré."

"Ngapi?"

"Tatu. Siku ingine ine."

"Na maji?"

Ghislaine akacheka. Tonton Déo hakucheka.

"Sukari na maziwa, kuna batu ngozi yabo haipendake," alisema. "Si bote. Kuna mwenye anakunywa lita mbili na uso iko safi, huyo umuache na bahati yake. Lakini weye, jiangalie. Acha byote mbili wiki sita, nitakupa na dawa ya kupaka, alafu tutaona. Na maji haiponeshake bouton, hizi chunusi, mutu asikudanganye na ma-video. Ila mutu mwenye anakunywa maji, tumbo yake haiko na nafasi ya sucré ine."

"Na bia?"

"Hiyo siko na hakika nayo. Ipunguze tu, haitakuuwa."

"Basi umuambie Koko."

Tonton Déo akaitazama pikipiki yake kama mtu aliyeitiwa mgonjwa wa dharura. "Mi niko infirmier ya ngozi," akasema. "Hii si mambo ya ngozi." Akampa tyubu ya dawa, akamuaga bibi yake kwa heshima zote, akashika njia. Mwanaume anayepasua majipu ya watu kutwa nzima alimkimbia kikongwe mwenye kikombe.

Sasa lipo jambo inabidi ulielewe, la sivyo utamwona Ghislaine mjinga. Kwa Washi ng'ombe si mnyama tu. Kwa ng'ombe watu wanaoana, kwa ng'ombe wanapatana baada ya ugomvi, na aliyekukamulia ng'ombe wake amekupa alichonacho. Huwezi kumrudishia kikombe kikiwa kimejaa. Kumwaga kwa siri ndiko kubaya zaidi. Wanasema maziwa yakimwagwa makusudi, chuchu za ng'ombe zinakauka. Ghislaine alikuwa na shahada, aliandika ripoti za afya kwa Kifaransa kizuri, lakini siku tatu mfululizo alisimama nyuma ya nyumba na kikombe mkononi, mbele ya migomba, na mkono ukakataa kuinama. Akarudi ndani akanywa. Tyubu ya Tonton Déo alijipaka, na juu yake akanywa maziwa, na uso ukaendelea kuwaka.

Siku ya tatu jioni aliingia jikoni bila kubisha, akamkuta Koko amekaa kwenye kigoda chake, anapuliza kikombe. Kilikuwa na maji ya moto tu. Hayakuwa na majani ya chai wala sukari, wala tone la maziwa.

"Koko, unakunywa nini?"

"Chai."

"Hii si chai."

"Ni chai yangu." Akaficha kikombe kwa kiganja.

Ndipo Ghislaine alipoelewa hesabu ambayo hakuwahi kuifanya. Bihogo alikuwa ng'ombe mdogo, na ndama naye alikuwa na haki yake. Kilichobaki kilikuwa vikombe vitatu kwa siku. Yule mzee aliyekunywa maziwa kila siku ya maisha yake alikuwa ameyaacha wiki tatu nzima ili mjukuu atoke anang'aa. Ghislaine alirudi chumbani akakaa kitandani, akaona aibu ambayo haikuhusu uso.

Asubuhi kikombe kikaja na kisahani chake juu. Ghislaine alikipokea kwa mikono miwili. Akapiga moyo konde, na kwa mikono miwili ile ile akakirudisha.

"Koko, unisamehe. Hii maziwa iko inaharibu uso yangu. Tonton Déo alisema."

Koko hakukipokea mara moja. "Alisema lini?"

"Siku ya dimanche, wakati alikuya."

"Na umeendelea kunywa siku tatu?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

"Juu ya weye."

Mzee akachukua kikombe. Ghislaine alitegemea kilio au maneno makali ya Mashi; mojawapo angeweza kulibeba. Koko alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaondoa kisahani, akanywa. Alikunywa polepole, bila kupumzika, kama mtu aliyekuwa na hamu kwa muda mrefu, na alipomaliza alipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Mi pia zilinitoka," alisema.

"Nini?"

"Ma-bouton. Wakati nilikuwa ndani. Hapa, na hapa, mpaka mu shingo. Kila asubuhi nilikuwa naishika na vidole, nalia. Mama yangu alisema uchafu iko inatoka."

Ghislaine alimkodolea macho. "Lakini ulisema ngozi ilikuwa kama siagi. Kila likizo ulisema."

"Njo babu yako alisema. Alinifunua nguo mbele ya batu bote, mi najua vile niko, nataka inchi inimeze. Akaniangalia muda murefu. Akasema hajaona ngozi kama hii. Alisema na sauti, bote basikie." Koko alikizungusha kikombe kitupu mikononi. "Miaka makumi tano na tatu nilioana naye. Mpaka akakufa, sikumuuliza hata siku moja kama alibeya bongo, kama ilikuwa uongo. Mukishazaliwa njo nikaanza kusema ni kweli."

Nje Bihogo alikuwa anamwita ndama wake. Ghislaine alikumbuka babu na mrija wake, macho yamefumbwa, jinsi alivyokuwa akisikiliza hadithi ile kila mvua iliponyesha bila kuongeza wala kupunguza neno, na kwa mara ya kwanza alijua ukimya ule ulikuwa wa nini. Alimpenda babu yake siku ile kuliko siku zote alizokuwa hai. Watu wengine tunawajua wakiwa wamekwisha kwenda, na hilo linaniudhi mpaka leo.

"Na ule kijana," Koko akasema. "Yannick. Ameona uso yako vile iko?"

"Hapana. Namutumia ma-photo ya zamani."

"Kutoka lini?"

"Kutoka nilikuya hapa."

Koko akasimama, magoti yakalia. "Mficha uchi hazai," akasema, methali aliyoipenda kuliko amri kumi. "Kamata simu yako. Tuende pale juu, kwenye réseau ya simu inakamataka."

Walipanda pamoja hadi kwenye kichuguu kilicho juu ya mibuni, Koko mbele na fimbo yake, Ghislaine nyuma na kitenge kimevutwa hadi puani. Ilikuwa bado asubuhi, ukungu ulikuwa haujainuka bondeni. Vidole vyake vilikosea mara mbili. Mara ya tatu simu ikaita, na kabla haijaita tena Yannick akawa amepokea, uso wake umejaa kwenye kioo kidogo, nywele hazijachanwa, macho mekundu.

Koko akanyoosha mkono akakivuta kitenge chini.

Yannick alitazama. Hakusema kitu kwa muda, na Ghislaine akaisikia ile dakika aliyokuwa akiiogopa wiki zote, kile kimya kidogo. Jua lilikuwa linampiga shavu la kushoto, lile baya zaidi. Aliyaacha macho yake kwenye simu kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Nilizani hautaki tena," Yannick akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya siku nyingi. "Siku makumi mbili na moja, Ghislaine. Ma-photo ya zamani tu. Nilizani unatafuta namna ya kuniacha. Jana nimeanza kuwaza namna ya kumuambia mama."

"Na uso?" Ghislaine akauliza. "Haujaona uso yangu?"

"Naiona," akasema. "Njo yenyewe nilikuwa naomba kuona."

Ghislaine alilia pale pale juu ya kichuguu, uso wote wazi, chunusi na machozi na kamasi, na Yannick hakukata simu.